Mgongo wa Fundi: Niliyojifunza kati ya Nkubu na Embu

Fundi cherehani huujua mwili wa mtu kuliko jirani yake anavyoujua. Najua ni nani bega lake la kushoto limeshuka, ni nani mguu wake mmoja unahitaji pindo refu kuliko mwingine, na wakati mwingine najua ni nani ana mimba kabla hajamwambia mumewe. Nimeshona mjini Embu tangu miaka ya tisini. Kabla ya hapo nililelewa Imenti Kusini, si mbali na Nkubu, katika boma lililozungukwa na chai na migomba. Muda wote huo nilikuwa nikitazama miili ya watu wengine, hadi shingo na mgongo wangu vilipoanza kudai haki yao.

Haya ni machache niliyoyaokota nikitafuta nafuu. Mimi si daktari. Kama miguu yako inakufa ganzi, au maumivu yanakuamsha usiku, au umeshindwa kuzuia mkojo, weka gazeti chini uende hospitali leo.

1. Mteja akiona tepu hujinyoosha

Mwanamume akija kupimwa suti ya harusi, hasimami anavyosimama siku zote. Tepu ikimgusa tu kifuani anavuta tumbo ndani, anatoa kifua nje, mabega yanarudi nyuma kama askari wa gwaride. Ukikata kitambaa kwa vipimo hivyo, baada ya siku chache atarudi na malalamiko: mbele ya kioo koti lilikaa vizuri, lakini akiketi kanisani kola inaachana na shingo na mgongoni panaingia mkunjo. Koti halina kosa. Lilishonewa mtu aliyekuwepo kwa dakika tano.

Mzee aliyenifundisha kazi sokoni Embu alikuwa na dawa ya hilo. Hakumpima mtu kabla hajamtia kwenye mazungumzo. "Mzee, kahawa mwaka huu wamelipa ngapi?" Mkulima akianza kuhesabu kilo zake na makato ya chama cha ushirika, anaisahau tepu, bega linarudi mahali pake pa kila siku, na hapo ndipo mzee anapoandika namba.

Mgongo wangu ulipoanza kuuma, kila mtu aliniambia nikae wima. Nikakaa wima. Kufika saa sita mchana misuli ya mgongo imechoka kuliko siku ambazo sikujali, kwa sababu nilikuwa nimeiongezea kazi juu ya kazi. Na huo wima wenyewe ulidumu pale tu nilipoukumbuka. Kushona kola kunataka akili yote. Mshono ukienda kombo, kitambaa cha mteja kimeharibika. Kwa hiyo akili ilipohamia kwenye kola, mwili ulirudi ulikotoka. Ikanibidi nianze kujiuliza swali la yule mzee: huyu fundi huketi vipi wakati amesahau kwamba anatazamwa?

2. Unavyohisi umekaa sivyo ulivyokaa

Aliyenisaidia kulijibu ni mwalimu wa muziki anayeniletea kazi ya majoho ya kwaya. Alinisimulia habari za Frederick Matthias Alexander, msanii wa jukwaani aliyezaliwa Tasmania, kule Australia, mwaka 1869. Sauti yake ilikuwa ikikauka akiwa jukwaani, na matibabu ya koo hayakumfaa. Akaamua kujitazama kwenye vioo huku akighani. Akaona kwamba kila alipotaka kutamka, kabla hata sauti haijatoka, alivuta kichwa nyuma, akabana koo na kufyonza hewa kwa mdomo. Kilichomshangaza zaidi ni hiki: alipojirekebisha, alihisi amejirekebisha, lakini kioo kikamwonyesha kwamba bado, na mara nyingine amezidisha. Aliyaeleza hayo katika kitabu chake The Use of the Self cha mwaka 1932. Mwaka 1973 Nikolaas Tinbergen, mtaalamu wa tabia za wanyama, alimtaja kwa sifa nyingi katika hotuba yake ya tuzo ya Nobel.

Kioo ninacho. Ni kile kirefu cha wateja. Nikakigeuza kikaitazama cherehani kwa ubavu, nikashona huku nikitupa jicho.

Niliona hivi. Kitambaa kimewekwa chini ya sindano, mguu uko kwenye pedali, bado sijakanyaga. Kabla gurudumu halijazunguka, kidevu kinatangulia mbele, mabega yote mawili yanapanda kuelekea masikioni, na pumzi inasimama. Halafu ndipo nakanyaga. Mshono ukiisha, mabega yanashuka nusu tu. Mshono unaofuata yanapanda tena kutoka hapo yalipobaki. Shati moja lina mishono mingi. Fanya hesabu mwenyewe.

Dawa ya Alexander ilinishangaza kwa sababu haikuongeza kitu. Hakusema rudisha mabega, wala nyoosha shingo. Alisema simama kabla ya kuanza. Ukitaka kukanyaga, usikanyage kwanza. Acha shingo ilegee, acha pumzi itoke, halafu kanyaga bila kuleta lile jambo la zamani. Inachukua muda wa kupepesa jicho. Mwanzoni nilikumbuka mara moja kwa shati zima. Baadaye mkono wenyewe, unaposhusha kile kidude cha kubana kitambaa, ukawa ndio unaonikumbusha.

Wapo wafuasi wa Alexander wanaoyazungumza mambo haya kama dini, na huko siwafuati. Ila si porojo tupu. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliohusisha wagonjwa 579 wa maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Waliopata masomo 24 ya njia hii walikuwa na siku chache zaidi za maumivu mwaka mmoja baadaye kuliko waliopata matibabu ya kawaida pekee. Mwalimu wa njia hiyo sijamwona Embu. Kioo, hata hivyo, kila kinyozi anacho.

3. Shingo hufuata macho

Hili nitalisema kwa ufupi kwa sababu ni jepesi na watu hulipuuza. Ukishapita miaka arobaini, macho huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Nilikuwa nasukuma kichwa mbele na kukiinamisha nikitafuta tundu la sindano, nikidhani tatizo ni kiti. Nikaenda kupimwa macho, nikapewa miwani ya kusomea. Nikahamisha cherehani ikae ubavuni mwa dirisha, na uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi nikaacha kuushona jioni. Nusu ya maumivu ya shingo iliishia hapo. Kama wewe ni karani, mwalimu wa kusahihisha madaftari au msusi, pima macho kabla ya kununua mto wa shingo.

4. Samani ilitengenezewa mtu mwingine

Meza yangu ya kukatia niliirithi kwa fundi aliyenitangulia, mtu mfupi. Kwa miaka mingi nilikata vitambaa nimeinama kwa sababu tu hakuna aliyefikiri kwamba meza inaweza kupandishwa. Seremala alinikatia vipande vinne vya mti wa mgrevilea, tukaviweka chini ya miguu ya meza. Basi.

Kanuni niliyopewa ni ya kiwiko. Simama, acha mikono ining'inie, kunja kiwiko. Kazi ya macho na vidole, kama kuchora kwa chaki na kukata, iwe kwenye kimo cha kiwiko au juu yake kidogo. Kazi ya nguvu, ambayo unataka uzito wa mwili uteremke nayo, iwe chini ya kiwiko. Ndiyo maana meza ya pasi haikupanda pamoja na ile ya kukatia. Pasi ya makaa ukiinyanyua juu sana, bega litalia kabla ya suruali ya kwanza kuisha.

Stuli nayo niliipandisha kwa mto nilioujaza mabaki ya vitambaa, nyonga zikawa juu ya magoti kidogo. Ukiketi magoti yakiwa juu ya nyonga, kiuno kinajikunja nyuma hata upigane nacho vipi. Cherehani ya kukanyaga inataka pia miguu yote miwili ifanye kazi, mmoja mbele na mwingine nyuma. Wengi hutumia mguu mmoja, na ukiwapima suruali unaona.

Mke wangu alitazama haya yote akauliza kwa nini beseni la kufulia bado liko chini. Sasa liko juu ya kibao kirefu, kando ya tangi. Siku hizi kupiga deki ni kwa kijiti, ingawa mama mkwe anasema nyumba haijaoshwa ikiwa hakuna aliyeinama.

5. Mama alikunjika kwenye nyonga

Shule ya mgongo ilikuwa shambani kwetu, ila wakati ule mimi niliona palizi tu. Wanawake wa rika la mama hupalilia maharagwe na viazi kwa panga fupi, na huinama kwa saa nyingi. Tazama wanakunjikia wapi. Makalio yanarudi nyuma, magoti yanalegea, na mgongo unabaki umenyooka kutoka kiunoni hadi shingoni. Mkono wa kulia unakata magugu huku kiwiko cha kushoto kimeegemea paja, ili uzito wa kifua usibebwe na kiuno peke yake. Mama alimaliza mstari, akainuka mara moja, wala hakushika kiuno. Mimi kijana nilijikunja kuanzia mabegani, nikainuka kwa kuguna.

"Mwanangu, toa makalio nyuma," alikuwa akiniambia. "Hakuna anayekutazama huku."

Aibu ndiyo ilinizuia, nadhani. Kuinama kwa kutoa makalio kulionekana jambo la wanawake na la shamba, na sisi vijana tulikuwa tunakwenda mjini. Miaka mingi baadaye, mtaalamu wa fiziotherapia aliniwekea kijiti mgongoni, kikigusa kichwa, mabega na tako, akaniambia niiname bila kijiti kuachana na sehemu hizo tatu. Nikaona ni palizi ya mama.

Chai nayo ina akili yake. Mchai ukiachwa huwa mti. Unapogolewa ili uso wake uwe bapa kwenye usawa wa kiuno, mchumaji afikie majani mawili na chipukizi bila kuinama sana. Baada ya kupogolewa kwa kina, jambo linalofanyika kila baada ya miaka michache, vichaka viko chini, na miezi ile ndiyo ya kulalamika migongo kwenye kituo cha kupimia majani. Lakini hata vichaka vikiwa na kimo kizuri, kuna wachumaji wawili. Mmoja husimama mahali pamoja na kujinyoosha kufikia majani ya mbali, kikapu kikimvuta upande. Mwingine husogeza miguu. Mama alisogeza miguu. Nikikata kitambaa leo naizunguka meza, na ukiniona nimelala juu yake kufikia upande wa pili, jua kuna mteja ananisubiri mlangoni.

6. Usiupambe mzigo

Kuna watu, hasa waliokulia mjini, wanaosifu sana bibi zetu kwa kubeba mizigo. Sifa hizo zina msingi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy, mwanafiziolojia Mkenya, na wenzake, waliowapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita juu ya paji la uso. Walikuta kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu hata kidogo walipotembea. Mwanamke wa kilo 60, basi, alibeba kilo 12 bure. Utafiti mwingine wa mwaka 1995 ulieleza sababu: kila hatua mwili hupanda na kushuka, na wanawake hawa, wakiwa na mzigo, huhamisha nguvu ya kupanda kuwa nguvu ya kwenda mbele bila kupoteza nyingi, jinsi pendulamu inavyofanya. Ni ujuzi uliojengeka mwilini tangu utotoni.

Mkanda huo ndio mukwa, na Meru na Embu wanabeba vilevile. Mama alikuwa nao, wa ngozi, umelainika kwa jasho. Nimemtazama akitembea na kuni kupanda kutoka mtoni: hatua fupi, kichwa hakichezi, mikono imeushika mkanda kandokando ya masikio.

Lakini mtungi wa lita 20 ni kilo 20 kabla hujahesabu plastiki, na mzigo wa kuni wa siku ya soko unapita hapo mbali. Zile kilo za bure zinaisha mapema. Nyanya yangu alikuwa na bonde kwenye paji la uso lililoachwa na mukwa, na shingo ambayo uzeeni haikugeuka. Ukimwita aligeuza mwili wote. Dada zangu walipoletewa maji ya mfereji uani hawakuulilia ujuzi wa mababu. Nilichochukua kwa wanawake hawa ni mwendo, na mizigo nimewaachia punda na pikipiki: jora la kitambaa nalikumbatia karibu na kifua, nakwenda kwa hatua fupi, na nikitaka kugeuka nageuza miguu, sizungushi kiuno.

7. Waleti

Suruali za wanaume zikija kurekebishwa, mfuko wa nyuma wa kulia una alama ya mraba iliyopauka. Ni waleti. Mtu anaikalia kwenye matatu kutoka Embu kupitia Runyenjes, Chuka hadi Meru, zaidi ya kilomita mia moja za kona, tako moja likiwa juu ya jingine, halafu akishuka anasema barabara imemuumiza. Itoe kabla ya kuketi. Kwa dereva nashona mfuko wa mbele wenye kina zaidi, na hilo silitozi.

8. Kuketi si kosa. Kuketi namna moja ndilo

Nilipokwenda kutafuta matibabu mara ya kwanza, kliniki moja ilinipiga picha ya mgongo, ikaniuzia mkanda wa kiunoni na kunishauri nilale. Nililala. Nilipoamka nilikuwa mgumu zaidi, na kazi za watu zimerundikana. Yule mtaalamu wa fiziotherapia wa baadaye hakuitazama picha kwa muda mrefu. Aliuliza:

"Fundi, unaketi kwa muda gani bila kuinuka?"

"Daktari, mpaka nguo iishe."

"Na ikiisha?"

"Naanza nyingine."

Akacheka, lakini aliandika. Kisha akaniambia habari ya Wahadza, wawindaji wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania. Watafiti waliwafunga vifaa mapajani na kukuta, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, kwamba nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, muda usiotofautiana sana na wa watu wa nchi tajiri. Tofauti iko kwenye namna. Wao huchuchumaa na kupiga magoti, na ukichuchumaa misuli ya miguu hufanya kazi kidogo muda wote. Kwenye kiti chenye mgongo imelala.

Mimi kuchuchumaa siku nzima siwezi na wala sikuahidi. Tulichokubaliana ni bobini. Bobini ikiisha uzi, nainuka. Kisanduku cha uzi nilikihamisha kutoka kwenye droo ya cherehani hadi rafu ya upande wa pili wa duka, na pasi ikakaa mlangoni. Kwa hiyo kila kipande cha nguo kinanitembeza, nipende nisipende. Mwanafunzi wangu wa kazi alijitolea kunisogezea kisanduku, nikamkataza, akadhani nimekasirika. Tukinywa chai ya saa nne naketi kwenye kigoda, magoti juu, na simu naiinua hadi usoni. Hakuna mkao hapo ninaoweza kukuuzia kuwa ndio sahihi. Kila mmoja ni mzuri kwa dakika kadhaa.

9. Kilima cha Kigari

Kwa miaka mingi timu ya taifa ya mbio za nyika iliweka kambi katika chuo cha ualimu cha St. Mark's, Kigari, hapo juu ya mji wa Embu. Huko kuna kilima ambacho wakimbiaji walikibatiza Agony Hill, na waliokipanda ni timu ya wanaume iliyotwaa ubingwa wa dunia kila mwaka kuanzia 1986 hadi 2003, miaka 18 mfululizo. Nilipokuwa bado najifunza kazi tulipanda kuwatazama. Tulitarajia kuona kasi. Asubuhi walikuwa wanakwenda polepole kiasi kwamba watoto wa shule waliandamana nao kandokando ya barabara, wakicheka.

Nakumbuka mikono yao kuliko miguu. Vidole vililegea, vidole gumba vimelala juu. Mabega yalikuwa chini. Wakifika pa mwinuko hatua zilifupika, mwili wote ukaegemea mbele kuanzia kwenye vifundo, hakuna aliyejikunja kiunoni. Juhudi ilikuwa miguuni na mapafuni tu. Uso na mikono havikualikwa.

Nyumbani kwangu ni mwinuko pia, na jioni nilikuwa naupanda nimekunja ngumi na kuukazia macho mwisho wa barabara. Siku hizi naangalia hatua kadhaa mbele, nafungua ngumi, nafupisha hatua. Bodaboda wananiita, "Fundi, panda twende," na mara nyingine, kukiwa na matope ya masika, napanda. Ukiwa nyuma ya bodaboda lakini, usimng'ang'anie dereva kwa mabega. Shika chuma cha nyuma na ukae ukijua kwamba matuta yapo.

10. Mwezi wa Januari

Yote niliyosema yanasimama imara kuanzia Februari hadi Desemba. Januari shule zinafunguliwa, na wazazi ambao walikuwa na Desemba nzima wanakuja wote kwa pamoja na vitambaa vya sare. Nashona mpaka usiku. Kioo kinafunikwa na sweta zinazosubiri nembo, mwanafunzi wa kazi anarudisha kisanduku cha uzi karibu kwa huruma, na mabega yanapanda yalikozoea. Nilikuwa nadhani dawa ya Januari ni mazoezi zaidi asubuhi. Kumbe ni daftari. Nilianza kuandika tarehe za kuchukua nguo kwa kadiri ya mishono ambayo mwili unaweza kushona kwa siku, na siku ikijaa, imejaa. Mapato yamepungua kidogo mwezi huo. Wateja wawili watatu walihamia kwa jirani, ambaye naye ana mgongo, na mmoja amesharudi.

Mwaka huu mama mmoja wa mtoto wa Gredi ya Kwanza alifika Ijumaa jioni na kitambaa cha kijani akitaka gauni Jumatatu. Nikamwonyesha daftari: Jumatano.

"Fundi, mtoto anaripoti Jumatatu! Nimwambie mwalimu nini? Kwamba fundi anaumwa mgongo?"

"Mama, hata huo hauumi. Nataka ubaki hivyo."

"Basi barua ya kumwambia mwalimu ataandika nani?"

Nikachana kipande cha karatasi ya kukatia patani nikamwandikia barua hiyo, nikiwa nimesimama kwenye meza iliyopandishwa, na chini yake nikaweka namba yangu ya simu. Mwalimu alipiga Jumanne. Alitaka kujua bei ya majoho ya kwaya.